Kiti cha Kingori Mpakani

KINYUA: Haloo? Wewe ni nani? Ongea juu, mimi niko juu ya nyasi na upepo ni mwingi.

MURUGI: Ni mimi, anko. Murugi.

KINYUA: Murugi gani?

MURUGI: Kwani uko na wangapi? Murugi wa huku Gakindu, mtoto wa marehemu ndugu yako. Yule umelala kwake wiki mbili, na leo umetoka kabla hata sijawasha jiko.

KINYUA: Aa, maitu. Umeamkaje? Mimi niliaga. Niliaga ng'ombe.

MURUGI: Ng'ombe hakusema kitu. Na usiniite maitu ukiwa unatoroka. Nilipewa jina la mama yako, sawa, lakini mama yako hungemwachia chai kwa meza.

KINYUA: Mama alikuwa ananijua. Chai yangu alikuwa anaitia kwa chupa moja kwa moja.

MURUGI: Uko wapi saa hii?

KINYUA: Tumepita Nanyuki. Niko nyuma kwa lori ya Abdishakur, yule rafiki yangu wa mbuzi. Leo hana mbuzi, amebeba nyasi, marobota mia mbili kutoka Naro Moru. Ati huko Isiolo ng'ombe wameanza kula makatoni. Mimi ndio nalalia nyasi isiruke. Hiyo ndiyo kazi, na malipo ni kufika.

MURUGI: Shuka.

KINYUA: Nini?

MURUGI: Nimesema shu— (mtandao unakwaruza) —ka. Wageni wamefika.

KINYUA: Unajua leo mlima uko wazi kabisa? Theluji imebaki kidogo tu, kama povu kwa beseni ukishamaliza kufua. Zamani tukibeba mizigo ya Wazungu pale juu, ungezama mpaka—

MURUGI: Anko. Nimekopa hii kredo. Usinipandishe mlima nayo.

KINYUA: Haya. Wageni gani?

MURUGI: Wale wa kaunti. Wale wa hazina ya tabianchi, ile pesa ya serikali ya kusaidia watu jua likizidi ama mvua ikizidi. Wiki mbili nimekuimbia hiyo habari.

KINYUA: Aa, hao. Si walisema Ijumaa?

MURUGI: Leo ni Ijumaa.

KINYUA: Kumbe.

MURUGI: Kumbe. Wako hapa na gari mbili. Injinia Lynn amekuja na buti mpya. Anataka kuona mahali tangi litajengwa, na chemchemi yenyewe, na mpaka. Halafu majirani wawili wa mpaka wanatia saini. Bila hizo saini hakuna kitu, kwa sababu pesa ya serikali haiingii shamba liko na maneno. Na leo saa kumi wanafunga orodha. Tukikosa sisi, inaenda kwa wale wa ng'ambo ya mto.

KINYUA: Wale walisema kiangazi ni cha Mungu, tuache kumsumbua na mikutano?

MURUGI: Hao hao. Wamekuja asubuhi na mapema, wamesimama pale juu wanatuangalia kama ndege.

KINYUA: (anacheka) Basi tieni saini haraka. Si majirani ni wewe na Kingori? Mtu na mtu, kalamu moja, imeisha.

MURUGI: Ndio hapo.

KINYUA: Hapo wapi?

MURUGI: Tuling'oa matoka.

(Upepo.)

KINYUA: Mling'oa nini?

MURUGI: Yale maua ya mpaka. Matoka. Anko, sikiza kwanza. Jana tulikuwa tunasafisha. Dedan, mwenyekiti wetu wa maji, alisema serikali haiwezi kupokelewa na kichaka. Kwa hivyo tulifyeka, tukalima, tukachoma. Na wewe uliona jua lilivyo, majani yalikuwa yamekauka yote, nani angejua hili ni magugu na lile ni mpaka? Tukapiga laini moja safi ya mawe na tukapaka chokaa.

KINYUA: Mlipaka mawe chokaa.

MURUGI: Inaonekana hadi kule barabarani.

KINYUA: Baba yangu na baba ya Kingori walipanda hayo matoka mwaka wa hamsini na tisa. Walichinja mbuzi, wakala, wakapanda pamoja, mmoja kila upande. Hiyo ndiyo ilikuwa karatasi yao. Sasa ninyi mmeleta chokaa.

MURUGI: Naelewa, anko.

KINYUA: Hata ramani ya serikali haina mpaka mwingine.

MURUGI: Injinia amesema hivyo hivyo. Ati ramani inasema fuata kilicho shambani. Na kilicho shambani ni jivu.

KINYUA: Abdishakur anauliza mbona ninaongea kwa sauti kama mtu amefiwa. (kwa mbali) Ni watoto wa nyumbani. Wamepaka mawe chokaa. (kwa simu) Amecheka, karibu aingie mtaroni.

MURUGI: Mwambie aendeshe polepole. Sijamaliza. Kingori amekuja na kiti.

KINYUA: Kiti?

MURUGI: Kile chake cha plastiki, kiko na mguu umefungwa waya. Amekileta kwa kichwa kutoka kwake, ameweka chini, amekaa, ameshika bakora. Injinia amemsalimu kwa Kiswahili, akamsalimu kwa Gikuyu, akajaribu hata Kizungu. Amejibu salamu zote tatu na akanyamaza.

KINYUA: Amekaa wapi?

MURUGI: Ndani kwetu.

KINYUA: Ndani kiasi gani?

MURUGI: Ndani. Ameacha mawe yetu nyuma, ameacha jiwe la kufulia la cucu, mama yako, ameacha hata chemchemi. Dedan ananiambia kwa sikio, huyu mzee ni tamaa, amesikia pesa inakuja sasa anataka maji yote.

(Upepo unavuma kwa simu.)

MURUGI: Haloo? Anko?

KINYUA: Niko. Amekaa akiangalia upande gani?

MURUGI: Barabarani. Kama mtu anangoja gari.

KINYUA: Na hasemi.

MURUGI: Amesema kitu kimoja tu. Dedan alimwuliza, mzee, kwani mpaka ni wapi? Akasema, "Mtu wa kujua ameondoka asubuhi. Nilimwona akipita na mfuko wake."

KINYUA: Alinipungia mkono.

MURUGI: Ukafanyaje?

KINYUA: Nilipunga. Mimi nina adabu.

MURUGI: Basi nisaidie na hiyo adabu. Baba hayuko, cucu hayuko, wazee wa kujua mmebaki wawili. Mmoja amekaa kwa kiti na mwingine amelala kwa nyasi. Matoka yalikuwa wapi?

KINYUA: Si mahali mliyang'oa?

MURUGI: Tulikuwa kumi na watano, kila mtu na jembe lake. Kila mmoja anaonyesha mahali pake.

KINYUA: Haya. Mwambie Dedan asimame kwa ule mti wa mringa wa juu. Atoke hapo aje kwa jiwe la mama la kufulia. Apite hapo na jiwe, ateremke hadi mtoni. Matoka yalipita hapo. Kila mtu ameyaona hapo miaka arobaini, hakuna—

MURUGI: Miaka mingapi?

KINYUA: Arobaini.

MURUGI: Si umesema yalipandwa hamsini na tisa?

(Nyasi inachakarika.)

MURUGI: Anko, mimi hesabu nilipata D, lakini hiyo si arobaini.

KINYUA: Hii nyasi imeniingia kwa sikio.

MURUGI: Itoe.

KINYUA: Mtandao hapa Timau ni mbaya, tukianza kule mteremko hutanisi—

MURUGI: Mtandao ni mzuri, nakusikia hadi unavyomeza mate. Anko, nikuulize kitu. Siku zote nimetaka kukuuliza, naona ni kama kukosa heshima.

KINYUA: Basi usiulize.

MURUGI: Kwa nini hunywi maji yetu?

KINYUA: Maji gani?

MURUGI: Ya chemchemi. Umekaa kwangu wiki mbili. Ulikunywa soda kule dukani. Ulikunywa maziwa. Siku ya jua kali ulienda kununua maji ya chupa, na mtungi ulikuwa hapo kwa mlango. Na mama anasema hata zamani ulikuwa hivyo. Unakuja, siku tatu, siku kumi, unaenda. Maji hugusi.

(Lori linabadilisha gia.)

KINYUA: Hapo ulipo, kahawa iko aje?

MURUGI: Unaiona. Inakauka. Mwaka jana mvua iliporomosha ile ya chini pamoja na choo cha Dedan, mwaka huu hakuna tone. Tusipopata hilo tangi, mwaka ujao hakuna kahawa, na mimi nitakufuata huko kwa lori. Umenibadilishia maneno, lakini nimejibu.

KINYUA: Sijabadilisha. Themanini na nne ilikuwa hivyo. Wewe hukuwa umezaliwa. Ilikuwa hata mbaya zaidi, mito ilikatika. Serikali ikaleta mahindi ya njano, ikagawa pale kwa chifu. Siku hiyo kijiji chote kilienda kupiga laini. Hata wagonjwa walibebwa.

MURUGI: Na wewe?

KINYUA: Mimi sikuenda.

MURUGI: Ulikuwa wapi?

KINYUA: Nilikuwa na jembe.

MURUGI: Cucu alikuwa anateka maji wapi, hiyo themanini na nne?

KINYUA: Kwa akina Kingori. Na hawakumnyima hata siku moja, usinielewe vibaya. Lakini alikuwa anaomba. Kila asubuhi anasimama pale, mtungi mgongoni, anaomba. Mama yangu.

MURUGI: Anko, hiyo chemchemi ni yetu. Iko upande wetu.

KINYUA: Uko karibu na lile jiwe?

MURUGI: Niko karibu.

KINYUA: Simama hapo. Weka mgongo kwa mto. Sasa hesabu hatua. Kuja upande wa nyumba yetu.

MURUGI: Kuja kwetu? Si kwenda kwa Kingori?

KINYUA: Kuja kwetu.

MURUGI: Lakini tukija kwetu, chemchemi inabaki—

KINYUA: Nimesikia inabaki wapi. Hesabu. Saba. Na usipige hatua za kanisani, piga za mtu analima.

MURUGI: Moja. Mbili. Tatu, nimeruka chemchemi. Nne. Injinia ananifuata na kile kimashini chake. Tano. Sita. Anko.

KINYUA: Nini?

MURUGI: Saba ni chini ya kiti.

KINYUA: Cha Kingori?

MURUGI: Kuna kiti kingine hapa? Miguu yote minne. Amekaa hapo tangu saa mbili.

KINYUA: Mwambie asimame.

MURUGI: Mzee Kingori, tafadhali... Amesimama. Hakuuliza hata kwa nini. Amejishikilia kwa bakora, amesogeza kiti mwenyewe.

KINYUA: Sasa mwambie Dedan achimbe. Achukue jembe uma, asiende kwa hasira. Aende chini. Sita yalitoka vizuri siku hiyo, nikayahamishia kule kwa jiwe, moja lilikataa. Nilivuta, majani yakakatika, kitunguu chake kikabaki. Nikafukia juu.

MURUGI: Hiyo ni miaka arobaini. Itakuwa iko?

KINYUA: Itoka haifi. Ndiyo maana walipanda hiyo, hawakupanda sukuma wiki.

MURUGI: Dedan anachimba. Anasema ardhi ni kama saruji. Wale wa ng'ambo wameshuka kuja kuona... Injinia amechuchumaa... Dedan, polepole. Amesema polepole. Hapana, hilo ni jiwe. Hilo pia ni— (mtandao unakwaruza) —haiya.

KINYUA: Nini?

MURUGI: Haiya, anko.

KINYUA: Sema basi, simu yangu iko na chaji laini moja.

MURUGI: Kitunguu. Kikubwa kama kichwa cha mtoto. Kiko na kidole cheupe kinaangalia juu.

KINYUA: Kizima?

MURUGI: Dedan amekikwaruza kidogo pembeni. Kizima.

(Upepo. Kinyua anavuta kamasi.)

MURUGI: Unalia?

KINYUA: Ni vumbi ya nyasi. Kingori anafanya nini?

MURUGI: Ameangalia. Sasa anacheka. Anko, sijawahi kuona huyu mzee akicheka, hana meno ya juu kabisa. Ngoja, anataka nikuambie kitu... Anasema jembe yako iko kwake.

KINYUA: Jembe gani?

MURUGI: Ile ulisahau hapa. Anasema aliiokota siku ya mahindi ya njano, jioni, akirudi na mfuko wake kutoka kwa chifu. Chuma kiko. Mpini ulikulwa na mchwa.

KINYUA: Alijua.

MURUGI: Anasema jembe lilikuwa na alama ya moto ya baba yako. Hata mjinga angejua.

KINYUA: Na hakusema. Miaka yote hiyo tumesalimiana kwa njia na hakusema. Muulize kwa nini.

MURUGI: Mzee, anko anauliza kwa nini... Anasema kesho yake asubuhi cucu alikuja kwake na mtungi umejaa. Akauweka kwa mlango, hakusema kitu, akaenda. Na kesho kutwa tena. Kila siku hivyo mpaka mvua iliponyesha. Anasema, sasa mtu kama huyo angemwanzia wapi?

KINYUA: Mama hakuniambia.

MURUGI: Na wewe ulimwambia?

KINYUA: (anacheka kidogo) Umepewa jina sawa.

MURUGI: Sasa sikiza, kredo inaisha. Injinia anasema kwake yeye haijalishi chemchemi ni ya nani. Chemchemi ikiwa kwa Kingori na tangi likiwa kwetu, ni sawa, bora mpaka ujulikane na saini ziwe mbili. Lakini Kingori amekataa kalamu.

KINYUA: Si amepata maji yake?

MURUGI: Anasema atatia saini matoka yakirudi chini, hicho kitunguu na vile tulivyotupa jana. Na matoka hupandwa na watoto wa nyumba mbili, mmoja kila upande.

KINYUA: Wewe ni mtoto wa nyumba. Panda.

MURUGI: Nilimwambia hivyo. Akasema, "Si wewe uling'oa." Nikamwambia lakini mimi ndio niling'oa jana, watu wote waliona. Akasema huko kung'oa kwa jana ni ujinga tu, hakuhesabiki.

KINYUA: Huyo mzee.

MURUGI: Ni saa tano na robo. Orodha inafungwa saa kumi. Wale wa ng'ambo wameleta hata katibu na muhuri. Anko, mimi sikulazimishi. Najua wewe na barabara.

KINYUA: Abdishakur anagonga bati. Ati tumefika mwisho wa Timau, anauliza kama nataka kukojoa kabla ya mteremko.

MURUGI: Mwambie unataka kushuka.

KINYUA: Nyasi itaruka.

MURUGI: Acha iruke.

KINYUA: Marobota mia mbili, maitu, na ng'ombe wanakula makat—

MURUGI: Afunge kamba. Kwani wewe ni kamba? Anko, ile sauti imelia, nimebaki na sekunde. Utashu—

KINYUA: Kingori bado amesimama?

MURUGI: Anataka kukaa, anauliza aweke kiti wapi sa—

KINYUA: Aweke hapo hapo. Mwambie asikitoe hicho kiti. Mwambie mimi nime—

(Simu inakatika.)

(Mwezi wa pili, mwaka uliofuata. Namba ngeni.)

MURUGI: Haloo, nani?

KINYUA: Ni mimi. Hii simu ni ya Hodan, bibi ya Abdishakur. Yangu ilianguka kwa pipa la maji. Mko wazima?

MURUGI: Tuko wazima. Uko wapi?

KINYUA: Isiolo. Nimeona mawingu kwa mlima nikasema nipige. Nipe habari, lakini kwa ufupi, ameniambia nisimalizie kredo yake.

MURUGI: Tangi lilimalizika mwezi wa kwanza, lilichelewa miezi minne. Nyumba thelathini na moja zina maji, tisa zinangoja mabomba. Inatoka asubuhi na jioni.

KINYUA: Maji yenyewe ni yale?

MURUGI: Ni yale ulikunywa siku ile ulishuka kwa lori ukarudi kupanda na Kingori. Sasa yanafika hadi jikoni.

KINYUA: Na kahawa?

MURUGI: Ya chini iliyobaki ilikufa yote. Ya juu imetoa maua.

KINYUA: Wale wa ng'ambo?

MURUGI: Wamewekwa awamu ya pili. Injinia Lynn alihamishwa Othaya. Dedan si mwenyekiti tena, anafuga sungura.

KINYUA: Kingori?

MURUGI: Alitolewa mtoto wa jicho, la kushoto. Jioni bado analeta kiti hapo. Huwa anauliza utakuja lini.

KINYUA: Matoka?

MURUGI: Sita yameshika. Moja lilikulwa na mbuzi ya Kingori.

KINYUA: (anacheka) Upande gani?

MURUGI: Katikati kabisa. Na huko?

KINYUA: Abdishakur aliuza lori. Mimi nalinda nyasi kwa soko. Mguu mmoja umevimba. Pasaka nitakuja.

MURUGI: Siku tatu?

KINYUA: Tutaona. Jembe iko wapi?

MURUGI: Kingori aliirudisha. Nilitia mpini, nalimia.

KINYUA: Haya. Hodan ananyosha mkono, anataka simu yake.

MURUGI: Haya, mpe.